Jicho la Kulia la Fundi Uzi

Baba yangu alifanya kazi ya uashi miaka arobaini na mmoja, na watu walimwita Fundi Uzi. Wembamba hauhusiani na jina hilo, maana tumbo lake lilifika mlangoni kabla yake. Aliitwa hivyo kwa ajili ya ule uzi wa nailoni wa kunyooshea matofali, ambao alitembea nao mfukoni hata siku asizokuwa na kazi. Kwenye arusi ya mpwa wake nilimwona akisimama katikati ya wageni, akafumba jicho la kushoto, akamwambia bwana arusi kwamba turubai limeinama kulia kwa vidole viwili. Watu walicheka. Halafu mmoja akaenda kupima, ikawa ni kweli, vidole viwili.

Alifumba la kushoto, akatazama kwa la kulia. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote. Kila ukuta aliousimamisha aliupitisha kwanza kwenye jicho hilo moja.

Nyumbani kwetu hakuna aliyebishana naye kuhusu mstari. Marehemu mama yangu alibishana naye kuhusu kila kitu kingine chini ya jua, kuanzia chumvi ya mboga hadi majina ya watoto wa watu, lakini Baba akisema picha ya ukutani imepinda, Mama aliinuka bila neno akaisogeza. Mimi nimelelewa hivyo. Najua nikisema haya nasikika kama najitetea, na pengine najitetea kweli.

Mimi ni mpishi. Nimepika kantini ya kiwanda cha magodoro miaka kumi na miwili, watu mia mbili na thelathini kila mchana, na tangu Mama afariki nakaa na Baba na kumpikia. Mtu anayepika sana huanza kuamini kwamba sufuria inaweza kila kitu. Ugonjwa huo niliupata mapema na sikujua kama ni ugonjwa.

Baba alipoanza kulalamika kwamba kuna doa la kijivu katikati ya gazeti, nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa mama mfupi, mpole, asiye na haraka. Alimtia matone, akamtazama kwa taa yake muda mrefu, kisha akakaa tukatazamana watu watatu.

"Mzee wangu," alisema, "nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, unaitwa retina. Pale katikati yake ndipo unaposomea, ndipo unapotambulia uso wa mtu. Kwako pameanza kuchakaa. La kushoto limechakaa sana. La kulia bado zuri, na hilo ndilo tunalotaka kulilinda."

"Hilo ndilo la kazi," Baba akasema.

"Basi sigara uache leo."

Baba alitoa pakiti mfukoni, akaiweka juu ya meza ya daktari, na hakuvuta tena. Hilo lazima niliseme, kwa sababu mzee alijitahidi sehemu yake.

Tukaelekezwa chumba cha pili, kwa dada wa lishe. Huyo alitueleza kwamba katikati ya retina kuna rangi ya njano ya asili, inayokinga jicho na mwanga mkali kama pazia linavyokinga kochi lisipauke. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Unaipata kwenye mimea: majani ya kijani yaliyokolea, mchicha, spinachi, majani ya maboga, mahindi ya njano, pilipili hoho. Viini vyenyewe vinaitwa luteini na zeaksanthini. Baba akasema hilo la pili ni jina la sumu ya panya. Dada wa lishe akacheka, akaniambia nipike kwa mafuta kidogo, maana bila mafuta viini hivyo havifyonzwi vizuri.

Kisha akaacha kucheka. "Lakini dada yangu, nisikilize. Chakula hiki kinaweza kupunguza kasi. Kilichopotea hakirudishi, na si kila balaa kinalizuia." Akanipa karatasi yenye mraba mkubwa uliojaa viraba vidogo, na nukta moja katikati. "Kila asubuhi afumbe jicho moja, atazame nukta kwa lile jingine. Halafu abadilishe. Siku akiona mistari imepinda, msingoje tarehe ya kurudi. Mje siku hiyohiyo. Ujue kuna mishipa ya damu inavuja nyuma ya jicho, na hapo mboga haiwezi kitu. Hapo ni sindano, tena haraka."

Yote hayo niliyasikia, na nayakumbuka neno kwa neno. Kama nisingeyasikia, leo ningelala usingizi. Lakini mpishi akitoka hospitali na orodha ya vyakula mkononi, orodha ndiyo anayoiona.

Nikaingia jikoni kwa nguvu zote. Asubuhi mahindi ya njano ya kuchemsha, mchana spinachi kwa mafuta, jioni majani ya maboga na pilipili hoho zilizokatwakatwa. Baba alisema mwezi ukiisha atalia mee. Alisema nikimtafuta nimtafute malishoni. Lakini alikula, akafuta sahani, na mimi kichwa kikavimba. Kazini nikawa nahubiri. Mtu akija dirishani na sahani yake namwongezea mchicha bila kuniomba, namweleza habari za retina mpaka foleni inanung'unika. Wakaniita Dokta Mchicha, na nilijifanya kukasirika lakini jina lilinipendeza.

Ile karatasi ya viraba niliibandika kwa gundi ya unga kwenye mlango wa kabati la jikoni. Kila asubuhi Baba alisimama mbele yake kabla ya kuvaa viatu. Miezi minne ikapita hivyo.

Asubuhi moja akaniita. "Karatasi yako imeota tumbo."

Nilikuja na mikono yenye maji. "Wapi, Baba?"

"Hapa katikati. Gundi yako imeshika vibaya. Tazama mistari inavyovimba."

Alikuwa amefumba jicho la kushoto. Niliitazama ile karatasi. Mistari ilikuwa imenyooka. Niliiona imenyooka kwa macho yangu mawili mazima, na nyuma ya kichwa sauti ya dada wa lishe ilikuwepo, ilikuwa inasema. Na mimi nilichukua kisu, nikaibandua, nikapaka gundi upya, nikaipiga pasi kwa kiganja.

"Na sasa?"

"Afadhali kidogo," akasema. "Ila aliyeichora alikuwa amelewa."

Tukacheka wote wawili. Kesho yake hakusimama mbele ya kabati, na kesho kutwa pia, nami sikumkumbusha. Niliongeza mchicha.

Wiki iliyofuata ndipo ulipotokea mzozo wa ukuta. Baba alikuwa akijenga ghala pamoja na mwenzake wa siku zote, mtu tuliyemwita Mjomba Chokaa kwa sababu sijawahi kumwona bila vumbi jeupe kwenye nyusi. Wamefanya kazi pamoja tangu kabla sijazaliwa. Asubuhi hiyo Baba alifika akafumba jicho lake, akautazama ukuta ambao Mjomba alikuwa ameuinua jana yake, akasema umetoa tumbo. Mjomba akaweka pima maji, povu likakaa katikati. Baba akasema pima maji imeharibika. Mjomba akashusha timazi, uzito ukaning'inia sawasawa na ukuta. Baba akasema upepo. Kisha akachukua nyundo akabomoa kozi sita za matofali kwa mikono yake, mbele ya vibarua wote, na kumwambia mwenzake, "Umezeeka. Nenda kalee wajukuu."

Nilisimuliwa na Baba mwenyewe, jioni, akiwa bado anahema. Nikasema Mjomba naye kazidi siku hizi. Nilisema hivyo nikikaanga pilipili hoho.

Jumamosi Mjomba Chokaa akaja nyumbani. Alivaa shati la kupigwa pasi na kofia aliyoishika mkononi, na nyusi zake zilikuwa safi, kitu ambacho kilinishangaza. Nilimfungulia mlango nusu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mzee yupo?"

"Amelala."

"Mwache alale. Nimekujia wewe. Tuongee kidogo habari za baba yako." Ule ukuta, mwanangu, ulikuwa umenyooka. Niliupima mara tatu. Sasa mimi nikajiuliza—"

Sikumwacha aseme alichojiuliza. Nilimkata kauli pale mlangoni. Nilimwambia kwamba amekula kwetu tangu meno yangu ya utotoni, leo anasimama kwenye kizingiti cha Baba kumvunjia heshima. Nilimwambia kama mikono yake imechoka aseme imechoka, asimsingizie mtu ambaye kila mtu mjini anajua jicho lake. Nilipaza sauti majirani wasikie. Na najua kwa nini nilipaza. Neno lile, umenyooka, lilinigusa mahali ambapo nilikuwa nimepapaka gundi, na sikutaka alirudie mara ya pili.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alivaa kofia, akasema, "Haya, mwanangu," akaondoka taratibu. Nilifunga mlango nikijiona nimempa vidonge vyake. Baba alikuwa chumbani na hakutoka.

Ikapita wiki moja, ikapita ya pili. Ikafika ya tano tangu siku hiyo. Baba alijenga peke yake na vibarua. Nyumbani alianza kukaa upande mwingine wa meza, akisema dirisha linamchoma, na alikula akiwa ameinamia sahani. Nilimpakulia zaidi.

Siku moja mchana msimamizi wa ujenzi akanipigia simu kantini. Alikuwa mtu mstaarabu, anayeanza kila sentensi kwa samahani. Aliniomba nifike pale ghalani, hakusema kwa nini. Nilivua aproni nikaenda.

Vibarua walikuwa wamesimama pembeni, mikono nyuma. Baba alikuwa mbele ya ukuta mpya, urefu wa mtu na nusu, amevuta uzi wake kutoka pembe hadi pembe. Ukuta ule ulikuwa umepinda. Sikuhitaji ufundi kuuona. Katikati umebonyea ndani na kurudi, hata mtoto angeona. Jicho lake lilikuwa likiona tumbo mahali pasipo na tumbo, naye kwa wiki nzima alikuwa amelirudisha ndani, tofali baada ya tofali, kwa uangalifu wote alionao, hadi likamtulia.

"Tazama," aliniambia, mkono juu ya matofali. "Huu sasa ndio ukuta. Chokaa angekuwepo angejifunza."

Hakuna aliyecheka. Kibarua mmoja aligeuka akatazama barabarani. Uso ulinishuka, nikatamani ardhi ipasuke nizame na viatu vyangu vya kantini. Msimamizi alisema, "Samahani, dada," na mimi nilijua samahani hiyo si yake kuomba. Nilimshika Baba mkono. Nilimwambia tunakwenda kliniki. Hakuuliza kwa nini.

Daktari alimpiga picha ya nyuma ya jicho, akaitazama, akaniuliza mimi, "Mistari ilianza kupinda lini?"

"Juzi," nikasema.

"Wiki ya saba sasa," Baba akasema kutoka kwenye kiti chake.

Daktari aliandika. Hakunitazama, na afadhali angenitazama hata kwa hasira. Jicho la kulia lilichomwa sindano alasiri hiyohiyo. Nilikuwa nje kwenye benchi, na mikono yangu ilinuka vitunguu, na wazo pekee nililokuwa nalo ni kwamba watu mia mbili na thelathini wananiita Dokta.

Baadaye daktari alinieleza polepole. Watamchoma kila mwezi, damu isiendelee kuvuja. Lakini katikati pameshaota kovu, na kovu halirudi kuwa jicho. Ataona pembeni, atatembea, atajihudumia. Kusoma, kutambua sura na kutazama uzi, hapana. Wangempata wiki ile ya kwanza wangekuwa na nafasi kubwa ya kuokoa mengi.

"Lakini anakula mboga kila siku," nikasema. Nilisikia sauti yangu, nikajionea haya.

"Endelea kumpikia," alisema. "Zinafaa, na bado kuna kidogo cha kulinda kwenye macho yote mawili. Ila kazi hii haikuwa ya mboga. Mliambiwa."

"Tuliambiwa," nikasema.

Nyumbani Baba alikaa jikoni na kitambaa juu ya jicho. Nilichemsha maji bila sababu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza kama mvua ilinyesha jana.

"Ile karatasi. Wewe uliionaje?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Neno hilo lilifika hadi mdomoni.

"Niliiona imenyooka, Baba."

"Na ukaibandua."

"Nikaibandua."

"Mm," alisema. Hakunigombeza. Nilisimama na birika mkononi nikingoja anigombeze. Mwisho akaniambia, "Nenda kwa Chokaa. Mwambie ukuta wake ulikuwa sawa. Mwambie nimesema mimi. Ningekwenda mwenyewe ila sijapata la kumwambia."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Mjomba Chokaa alikuwa akipiga plasta baraza la jirani yake, kazi ndogo ya mtu mmoja, na nyusi zilikuwa nyeupe tena. Nilimwamkia, akaitika bila kuacha kupaka. Nikampa ujumbe wa Baba. Kisha nikasema wa kwangu. Niliomba radhi kwa kila neno nililomrushia mlangoni, moja moja, kwa sababu nilikuwa nayakumbuka yote. Nilimweleza habari ya jicho, sindano na kovu.

Mwiko ukasimama mkononi mwake.

"Kwa hiyo la kulia ndio basi?"

"Katikati, ndio basi."

Alikaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Mwanangu, siku ile mimi sikuja kwa sababu ya ukuta. Ukuta ni kitu gani? Nimebomolewa kuta nyingi. Nilimwona anafumba jicho, anafumbua, anafumba tena. Nikamwona anautafuta uzi kwa vidole, yeye ambaye hajawahi kuutafuta. Nilikuja kukwambia umpeleke hospitali. Nilikuwa nimebakiza maneno hayo tu."

Nilishindwa kumtazama. "Kwa nini hukurudi, Mjomba?"

"Kila Jumamosi nilijiambia nitarudi." Alikwangua saruji iliyokauka kwenye mwiko kwa ukucha. "Nilikuwa na hasira. Nikasema waache, watajionea wenyewe. Ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe. Mtu niliyekula naye sahani moja."

Tulikaa pale, yeye juu ya ndoo na mimi kwenye ngazi, hakuna aliyekuwa na uso wa kumtazama mwenzake. Plasta ilianza kukauka vibaya ukutani na hakuishughulikia. Nilipoinuka aliniambia atakuja kesho kumwona mzee.

Njia nzima nilijiambia nisimweleze Baba sehemu ile ya mwisho. Mzee ana yake ya kutosha. Atasema binti yake ndiye aliyeufunga mlango, na atakuwa amesema kweli. Lakini nilikuwa nimeshachoka kubandika na kubandua. Niliingia jikoni, nikamkuta palepale kwenye kiti, uso ameugeuzia dirisha, maana sasa ili akuone lazima akutazame kwa pembeni.

"Amesema atakuja kesho," nikamwambia.

"Vizuri."

"Baba, siku ile alipokuja Jumamosi na nikamfukuza." Nilishika ukingo wa meza. "Hakuja kulalamika. Alikuja kuniambia nikupeleke hospitali, na mimi sikumwacha amalize. Wiki tano zile ni zangu."

Nilidhani analia, lakini alikuwa anatafuta uso wangu, akigeuza kichwa huku na huku mpaka akaupata.

"Sikuwa nimelala," alisema. "Nilisimama nyuma ya mlango wa chumba. Alipotaja kwamba amejiuliza, nilijua alichojiuliza, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshajiuliza. Asubuhi ile ulinipa chai na sikuona pua yako."

"Sasa kwa nini hukutoka?"

"Nikila mboga zako nilikuwa bado fundi. Hospitali ningeambiwa nishuke jukwaani, niache uashi." Alipapasa meza hadi akaupata mkono wangu. "Nilisimama pale nikiomba umfukuze kabla hajamaliza, mwanangu. Ulipomfukuza, nilishukuru."